Fungu la Baba katika Mafuta ya Chakula

Katika nyumba nyingi za mwambao, na za bara vilevile, ndoa ikipita mwaka wa pili bila ya mtoto, macho ya mawifi na wakwe humwelekea mke: yeye ndiye apelekwaye kwa mkunga, yeye ndiye afukizwaye na kunyweshwa kombe, yeye ndiye aitwaye tasa kabla mumewe hajaulizwa swali hata moja, na mume akioa mke wa pili, na huyo naye akakaa vivyo hivyo, hutafutwa wa tatu. Si kwamba fungu la baba katika uzazi lilikanwa, la hasha, kwa kuwa nasaba yote ya mtoto hufuata upande wake; bali lilihesabiwa kuwa ni fungu lisiloweza kuingia upungufu maadamu mwanamume ana nguvu za kiume.

Matabibu wa kale hawakughafilika kiasi hicho. Ibn al-Jazzar wa Qayrawan, aliyeishi katika karne ya 10, aliuweka mlango wa sita wa kitabu chake Zad al-Musafir kwa ajili ya maradhi ya viungo vya uzazi, vya wanaume na vya wanawake pamoja. Na Constantinus Mwafrika, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini aliyemalizia umri wake katika nyumba ya watawa ya Monte Cassino huko Italia, aliyahamisha maarifa ya namna hiyo kutoka Kiarabu kwenda Kilatini katika karne ya 11. Dhana yao, waliyoirithi kwa Galen, ilikuwa kwamba manii ni damu iliyopikwa mwilini hata ikasafika na kuwa nyeupe, na kwa kuwa damu hutokana na chakula, basi chakula chema, mathalani dengu na viini vya mayai, huyaongeza manii. Damu hiyo iliyopikwa haina mtetezi tena leo, lakini kwamba chakula cha baba huingia katika mbegu yake ni neno ambalo maabara zililifikia upya baada ya karne nyingi, na kwa njia ambayo hapana tabibu wa Qayrawan angeweza kuidhania.

Kwanza lakini nitenganishe mambo mawili ambayo mitaa yetu huyachanganya. Kando ya vituo vya daladala vya Dar es Salaam husimama mchuuzi mwenye sinia ya vipande vya muhogo mbichi uliokwisha menywa, vipande vya nazi, na karanga mbichi, na jioni ikiingia huja jirani yake mwenye sufuria ya supu ya pweza yenye pilipili na ndimu. Wateja wao wengi ni wanaume, na wachuuzi hawafichi sababu. Wanachokiuza ni nguvu ya tendo, ama tumaini lake. Lakini nguvu ya tendo ni jambo moja, na uhai wa mbegu ni jambo jingine, na mwanamume aweza kuwa na la kwanza kwa ukamilifu wote ilhali katika manii yake hamna mbegu hata moja iogeleayo. Tangu mwaka 1677, Antonie van Leeuwenhoek wa Delft alipoiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London habari za vijidudu vyenye mikia alivyoviona kwa darubini katika manii, ilikuwa yamkini kuyapima mambo haya mbalimbali. Ila kupita kwa muda si sawa na kuzinduka kwa watu.

Mzinduko wenyewe ulianzia Berkeley, California, kwa panya. Herbert McLean Evans, mwalimu wa elimu ya maumbile ya mwili, alifika huko mwaka 1915, na pamoja na Joseph Long akalea kizazi cha panya wenye kichwa cheusi na mwili mweupe ambao mpaka leo huitwa kwa majina ya wawili hao. Mwaka 1922 walitoa kitabu kuhusu mzunguko wa uzazi wa panya jike, mzunguko ambao hukamilika kwa siku nne au tano tu, na ambao mtafiti huweza kuusoma kwa kuchukua utelezi kidogo wa ukeni na kuuweka chini ya darubini: seli zikiwa za namna hii, yai li karibu, zikiwa za namna ile, wakati umepita. Hiyo ilikuwa saa iliyo tayari mkononi, na ndiyo iliyofanya hata maabara ianzie kwa jike. Dume halina saa kama hiyo. Mbegu zake hutengenezwa mfululizo ndani ya vijifereji vya korodani, na upungufu wake haujulikani mpaka mtu alipasue, ama angoje aone kama majike aliyopandishwa yatazaa. Basi ile tabia ya kumtazama mke kwanza, ambayo kwa mawifi ilikuwa ada, kwa wanazuoni ilikuwa wepesi wa kazi, na matokeo yakawa karibu sawa.

Mwaka huohuo wa 1922, Evans na daktari Katharine Scott Bishop walitangaza kwamba panya waliolishwa chakula kilichosafishwa, chenye kaseini ya maziwa, wanga, mafuta ya nguruwe, chumvi na vitamini zilizokuwa zimekwisha julikana, hukua, hunawiri, huchukua mimba, kisha vijusi hufa na kuyeyukia tumboni. Wakiongezewa majani ya saladi, huzaa salama. Kitu kile kisichojulikana baadaye kiliitwa vitamini E, na hazina yake kubwa ikaonekana kuwa katika mafuta ya kiini cha ngano. Madume nayo hayakusalimika. Karl Mason, aliyezichunguza korodani zao katika miaka hiyo ya 1920, alikuta seli zizalishazo mbegu zikiporomoka na kutoweka, na hapa ndipo ilipodhihiri tofauti ambayo ingepasa kuwashtua watu: jike lililopoteza mimba, likipewa mafuta ya kiini cha ngano, huzaa vizuri mimba ifuatayo, dume lililokwisha haribika halirudi katika hali yake, hata lipewe mafuta hayo kwa wingi. Msiba mzito zaidi ulikuwa wa baba. Hata hivyo ulimwengu uliipokea vitamini E kama dawa ya akina mama. Mwaka 1931 daktari wa Denmark, Vogt-Møller, aliandika habari za kuwapa mafuta ya kiini cha ngano wanawake ambao mimba zao ziliharibika mara kwa mara, na wengi wakamfuata katika njia hiyo.

Miongoni mwa waliofanya kazi na Evans palikuwa na mkemia kijana aitwaye George Burr. Wawili hao walikuwa wameanza kuona kwamba chakula kikisafishwa mno, panya hudhoofu kwa namna isiyoelezeka kwa upungufu wa vitamini yoyote waliyoijua. Burr akahamia Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1928, na huko, pamoja na mkewe Mildred, ambaye ndiye aliyekuwa na mikono yenye subira ya kuwatunza panya, wakalishika jambo hilo kwa makini makubwa. Zama hizo wanazuoni waliamini kwamba mafuta ni kuni tu za mwili: mwili waweza kujitengenezea mafuta kwa sukari, na fadhila pekee ya siagi ni kwamba imebeba vitamini. Burr na mkewe wakataka kujua panya atakuwaje akipewa vitamini zote na chakula cha kutosha, lakini pasiwe na mafuta hata chembe. Kusema hivyo ni rahisi, kulitenda ni kazi. Kwa maana mafuta hujificha katika kaseini, hujificha katika hamira, hata ndani ya wanga, na iliwabidi kuitupa wanga na kuweka sukari safi mahali pake, na kuiosha kaseini kwa etha.

Panya wale walikua miezi ya mwanzo, kisha wakasimama. Mkia ndio uliotoa habari kwanza: ukafanya magamba, ukavimba ncha, ukaoza. Ngozi ya miguu ikawa nyekundu na kukauka, manyoya yakajaa ukoko, wakawa wanywa maji kupita kiasi ilhali mkojo wao si mwingi, damu ikaonekana katika mkojo huo, na mwisho wakafa figo zikiwa zimeharibika. Matone machache tu ya mafuta yaliwaponya waliokuwa hawajafika mwisho. Habari hizo zilichapwa mwaka 1929, na mwaka 1930 ukafuata waraka wa pili ulioonyesha kwamba si mafuta yote yaponyayo: asidi za mafuta zilizoshiba hazikufaa kitu, bali asidi ya linolei, yenye kaboni 18 na vifungo maradufu viwili, ndiyo iliyorudisha afya. Asidi hiyo imejaa katika uto wa ufuta, katika mafuta ya alizeti na ya mahindi. Katika mafuta ya nazi, tuliyoyapenda watu wa mwambao kwa wali, kwa mchuzi na kwa nywele, imo kwa uchache sana. Wala nisieleweke kwamba nazi imewanyima watu wa pwani watoto, kwa sababu hapana mtu wa pwani alaye nazi peke yake, na samaki wa kitoweo, na ufuta, na karanga, vyote vimo katika sinia moja.

Sasa Evans, ambaye hakupenda kuachwa nyuma katika jambo lolote, akairudia kazi hiyo Berkeley kwa mfululizo wa nyaraka kuhusu haja ya mwili kwa asidi hizo, na waraka wa sita, ulioandikwa mwaka 1934 na yeye pamoja na Lepkovsky na Murphy, ulikuwa na maudhui moja tu: utasa wa dume katika chakula kisicho na mafuta. Dume lililonyimwa mafuta halikuzalisha. Kurasa zenyewe ni sita tu, nami nazihesabu kuwa miongoni mwa kurasa zenye uzito mkubwa katika taarikh ya maarifa ya chakula, kwa kuwa ndipo ilipoandikwa waziwazi kwamba baba ahitaji katika chakula chake, licha ya vitamini, mafuta ya namna maalumu, na kwamba mwili wake hauwezi kujifanyia mbadala.

Ungetarajia hapo maabara zote zigeukie upande huo. Hazikugeuka. Mwaka 1938 palichapwa habari za mtu mzima mmoja, William Brown, mwanazuoni wa Minnesota, aliyejitolea kula chakula chenye mafuta haba mno kwa miezi sita. Ngozi yake haikufanya magamba, na maumivu ya kipandauso yaliyokuwa yakimsumbua miaka mingi yakamwacha. Watu wakasema, basi ni jambo la panya. Hawakuzingatia kwamba mtu mzima hubeba chini ya ngozi yake akiba kubwa ya mafuta ya miaka iliyopita, na miezi sita haitoshi kuimaliza, na kwamba jaribio hilo halikuwa la uzazi. Arild Hansen, daktari wa watoto, aliendelea kuonyesha kwamba watoto wachanga wanaokosa asidi ya linolei hupata maradhi ya ngozi. Kisha katika miaka ya 1950, katika Minnesota ileile, Ancel Keys akaufanya ulimwengu mzima uzungumze juu ya mafuta na moyo. Mwanamume akarudi katika mazungumzo kwa njia ya moyo wake, si kwa njia ya uzazi wake.

Na katika muda huohuo manii yenyewe yalikuwa yakitoa ushahidi ambao haukuulizwa. Mwaka 1930, Kurzrok na Lieb wa New York waliona kwamba manii yakiguswa na kipande cha nyama ya tumbo la uzazi huikaza au kuilegeza; na mwaka 1935 Ulf von Euler wa Stockholm akakipa kitu hicho jina la prostaglandini, akidhani chatoka katika tezi ya prostati, ingawa kwa hakika sehemu kubwa hutoka katika vifuko vya manii vilivyo jirani yake. Mwenzake Sune Bergström alikusanya tezi za kondoo dume kwa miaka mingi ili apate miligramu chache za kitu safi, na mwaka 1964 yeye na David van Dorp wa Uholanzi, kila mmoja katika maabara yake, wakathibitisha kwamba prostaglandini hutengenezwa kwa asidi ya arakidoni, nayo asidi ya arakidoni hutengenezwa mwilini kwa asidi ya linolei. Hivyo mafumbo mawili yakafumbuliwa kwa ufunguo mmoja: asidi ambayo Burr aliigundua haja yake katika mkia wa panya huishia, pamoja na mahali pengi pengine, katika manii ya mwanamume. Bergström alishiriki nishani ya Nobel ya mwaka 1982. Na prostaglandini, iliyogunduliwa katika manii, ikaenda hospitalini kuanzisha uchungu wa akina mama waliochelewa kujifungua. Sina lawama kwa hilo, maana imewaokoa wengi. Nasema tu kwamba njia ilipinda tena kuelekea upande uleule.

Mahali ambapo wanaume waliingia katika habari hii kwa maelfu ni China, na waliingizwa na mafuta ya pamba. Katika majimbo yaliyolima pamba, wanavijiji maskini waliacha mafuta ya soya, yaliyokuwa ghali, wakapikia mafuta ya mbegu za pamba yaliyokamuliwa bila ya kusafishwa. Zamani mbegu hizo ziliokwa kwanza, na joto lilivunja sumu iliyomo. Zilipokuja mashine za kukamua bila moto, sumu ikabaki katika mafuta. Watu wakawa walegevu, nyuso zikawawaka kama moto wakisimama juani, wanawake wakakosa hedhi, na watoto wakakoma kuzaliwa. Mwaka 1957 tabibu Liu Baoshan aliandika katika jarida la tiba la Shanghai kuhusu kijiji kimoja cha Jiangsu ambako kwa muda wa kama miaka kumi hapakuzaliwa mtoto, tangu kijiji kilipogeukia mafuta hayo. Waliokuwa nje ya kijiji wangeweza kusema ni laana, na wanawake wangetupiwa lawama. Yeye akayatupia macho mafuta.

Sumu hiyo ni gosipoli, rangi ya manjano inayokaa katika vitezi vidogo vyeusi ambavyo mtu aweza kuviona kwa macho akiikata mbegu ya pamba kwa kisu. Mkemia wa Kipolandi, Marchlewski, alikuwa ameitenga na kuipa jina mwaka 1899, bila ya kudhani ina lolote na ubaba. Gosipoli si asidi ya mafuta, bali ni mgeni ndani ya mafuta, na hapa ndipo penye ajabu: karibu nusu ya mafuta ya pamba, au zaidi ya nusu, ni ile asidi ya linolei ambayo panya dume wa Berkeley alikuwa tasa kwa kuikosa. Chombo kimoja kilibeba kilichohitajiwa na kilichoangamiza. Wanachuoni wa China, walipokwisha kujua mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba gosipoli ndiyo iliyowaondolea wanavijiji uzazi, waliona kwamba waweza kuigeuza sumu kuwa dawa ya kupanga uzazi imezwayo na mume, jambo ambalo hapana nchi iliyokuwa nalo. Kuanzia mwaka 1972 wanaume zaidi ya 8,000 walimeza miligramu 20 kila siku kwa muda wa miezi miwili na zaidi, hata mbegu zao zikapungua mno, kisha wakaendelea na kipimo kidogo kila wiki. Na taarifa iliyochapwa mwaka 1978 ilisema dawa ilifanya kazi kwa zaidi ya asilimia 99. Lakini potasiamu ilipungua katika damu ya baadhi yao hata wachache wakapooza viungo kwa muda, na kundi lisilo dogo, mtu mmoja katika kila kumi au zaidi, hawakupata tena mbegu walipoacha kuimeza. Mpango ukaachwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1998 washauri wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwa maandishi kwa nini gosipoli haifai kuwa dawa ya wanaume.

Msomaji wa Mwanza au Shinyanga, ambako mafuta ya pamba ni mafuta ya nyumbani, asifadhaike na habari hizi. Mafuta yasafishwayo kiwandani kwa magadi makali huondolewa gosipoli pamoja na ile rangi yake iliyokoza, na mashudu yanayobaki hupewa ng'ombe, ambaye tumbo lake lenye vyumba vinne hustahimili kiasi ambacho kuku au nguruwe hawezi. Ya China yalikuwa mafuta mabichi, yakiliwa kila siku, na watu wasiokuwa na mafuta mengine.

Tukirudi kwenye asidi zenyewe, jambo lililobaki lilikuwa kujua zinafanya kazi gani katika mbegu. Sehemu ya jibu ilikuja kwa njia ya hasara. Mwaka 1943 John MacLeod, aliyekuwa Cornell, New York, aliona kwamba mbegu za mwanadamu zikiwekwa katika oksijeni nyingi hupoteza mwendo, na kwamba zikitiliwa katalasi, kimeng'enya kinachoivunja haidrojeni peroksidi, huhifadhika. Thaddeus Mann wa Cambridge, pamoja na Jones na Sherins, walieleza mwaka 1979 kisa chake: utando wa mbegu umejaa asidi za mafuta zenye vifungo maradufu vingi, nazo ndizo zishambuliwazo na oksijeni upesi, kama samli ichachavyo katika chungu kilichoachwa wazi. Ndipo vitamini E ya Evans, ambayo kazi yake ni kuzuia uchachu huo, ilipokutana na asidi ya Burr katika mahali pamoja padogo kuliko chembe ya vumbi. Mbegu ina utando laini kwa sababu imejaa mafuta yanayoharibika kwa wepesi, na imeingia katika hatari hiyo kwa sababu bila ya ulaini isingeweza kuogelea wala kuungana na yai.

Mkubwa wa asidi hizo ni ile iitwayo DHA kwa kifupi, yenye kaboni 22 na vifungo maradufu sita, ambayo samaki wa bahari wanayo kwa wingi, na ambayo mwili hujitengenezea kidogo kutokana na asidi nyingine ya mimea. William Connor wa Oregon na wenzake, walipovitenganisha vichwa na mikia ya mbegu za nyani mwaka 1998, walikuta kwamba karibu DHA yote imo mkiani, kule kwenye mwendo. Kisha katika Chuo Kikuu cha Illinois, Manabu Nakamura na wenzake walilea panya walioondolewa kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kurefusha asidi hizo. Madume yakawa tasa, mbegu zao zikawa chache na vichwa vyao havina umbo. Mwaka 2010 walitangaza kwamba madume hao wakiwekewa DHA katika chakula, hutengeneza mbegu na kuzalisha, ilhali asidi ya arakidoni haikufikia hapo. Ilikuwa miaka 76 tangu ule waraka wa sita wa Berkeley.

Kutoka kwa panya mpaka kwa mtu, mwendo ni mzito zaidi, na wauzaji wa vidonge vya mafuta ya samaki huupita mbio. Mwaka 2000 watafiti wa Guelph, Kanada, waliwapa wanaume ambao mbegu zao zilikuwa na mwendo dhaifu miligramu 400 au 800 za DHA kila siku kwa miezi mitatu, muda unaotosha, kwa maana mbegu moja huchukua siku kama 74 kukamilika. DHA ikapanda katika damu yao, lakini ndani ya mbegu haikuongezeka, wala mwendo haukubadilika. Korodani, yaonekana, hujichagulia zenyewe na hazipokei kila kiletwacho mlangoni. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walichapa hesabu za vijana 701 waliokuwa wakipimwa afya kwa ajili ya jeshi: waliokula mafuta yaliyoshiba kwa wingi zaidi walikuwa na mbegu pungufu kwa asilimia 38 katika kila mililita kuliko waliokula kidogo zaidi. Hesabu ya namna hiyo huonyesha mambo mawili yakitembea pamoja, haithibitishi kwamba moja limemzaa mwenzake, kwa sababu mpenda nyama ya mafuta na siagi aghalabu ana mazoea mengine yanayomfuata.

Jaribio lililofanywa kwa utaratibu bora lilikuwa la Los Angeles, lililochapwa mwaka 2012 na Wendie Robbins na wenzake. Vijana 117 wenye afya, wa miaka 21 hadi 35, waligawanywa kwa kura, nusu wakila gramu 75 za jozi kila siku kwa wiki 12, na nusu wakijizuia na kila namna ya jozi na lozi. Jozi hizo, ambazo kwetu hupatikana katika maduka makubwa kwa bei isiyo rafiki, zina asidi ya linolei kwa wingi na ndugu yake wa kundi la omega-3. Waliokula jozi waliongezeka uhai wa mbegu, mwendo na umbo, wenzao hawakuongezeka. Sehemu ya gharama ililipwa na tume ya wakulima wa jozi wa California, na ingawa fedha hiyo haibatilishi matokeo, msomaji anastahili kuijua. Aidha vijana hao walikuwa wazima tangu mwanzo, na kilichohesabiwa ni mbegu katika kioo, si watoto.